Kipimo cha baadaye na fotoni iliyokwisha kutua

Swali: Nimetazama maelezo kadhaa kuhusu jaribio linaloitwa kifutio cha kwanta, lile ambalo uamuzi hucheleweshwa. Yote yanasema fotoni, yaani chembe ya mwanga, hubadili tabia yake ya nyuma kulingana na jambo litakalofanyika baadaye. Tena nimesoma kwamba milinganyo ya kwanta, yaani fizikia ya vitu vidogo kabisa, haitofautishi wakati unaokwenda mbele na unaorudi nyuma. Nikiyaunganisha mawili hayo, naona tokeo linaweza kutangulia sababu yake. Je, nimeelewa sawasawa? Kama ndivyo, nini kinatuzuia kutuma ujumbe jana?

Jibu: Ndugu msomaji, umeshika mambo mawili ambayo kila moja lina ukweli ndani yake, lakini fundo ulilolifunga kati yake halishiki. Ni kweli kwamba milinganyo ya kwanta haipendelei upande mmoja wa wakati. Jaribio la kifutio nalo ni la kweli, limefanyika maabara, na mistari ya mwanga na giza inayosimuliwa humo huonekana kweli. Ila jaribio hilo halibadilishi chochote kilichokwisha kutokea, na ulinganifu wa milinganyo hausemi kitu gani kimesababisha kingine. Kabla ya fizikia naomba tuanze na neno moja la Kiswahili, maana nadhani nusu ya mkanganyiko imejificha humo.

Tunasema, "Kuna moshi kwa sababu moto umewaka." Tunasema pia, wala hatuoni tatizo, "Moto umewaka, kwa sababu naona moshi." Neno ni lile lile, lakini linafanya kazi mbili. Sentensi ya kwanza inataja kilicholeta moshi. Ya pili inataja kilichonijulisha habari za moto. Sababu ya aina ya kwanza hairudi nyuma, kwani moshi hauwashi moto. Ya aina ya pili inarudi nyuma kila siku na hakuna anayeshangaa: moshi ninaouona sasa hunifunza kuhusu moto uliowaka dakika kumi zilizopita. Nitaiita ya kwanza sababu ya kutokea na ya pili sababu ya kujua. Karibu kila maelezo ya kifutio niliyowahi kuyasoma yakiishia kwenye maajabu, huwa yamevuka kutoka ya pili kwenda ya kwanza bila kuaga.

Sasa ulinganifu wenyewe. Chukua picha ya video ya sayari inayozunguka nyota yake, kisha uicheze kinyumenyume. Sayari itazunguka upande wa pili, na hutaona sheria yoyote ya Newton iliyovunjwa. Milinganyo ya Maxwell ya umeme na sumaku, ya miaka ya 1860, ina tabia hiyo hiyo, mradi ukumbuke kugeuza pia mwelekeo wa uga wa sumaku. Angalia kwa makini kinachodaiwa hapo: kwa kila mwendo unaoruhusiwa na sheria, mwendo wa kinyume chake unaruhusiwa pia. Basi. Haijasemwa kwamba wakati wenyewe unageuka, wala kwamba mwendo huo wa kinyume utatokea mbele ya macho yako.

Mlinganyo wa Schrödinger, wa mwaka 1926, una jambo dogo la kuchokoza hapo. Ndani yake mna namba changamano, yaani kipeuo cha pili cha −1, ambacho huandikwa i. Ukigeuza alama ya wakati peke yake, mlinganyo unaharibika. Eugene Wigner alionyesha mwaka 1932 kwamba lazima ugeuze vyote viwili kwa pamoja, wakati na alama ya i, na hapo mlinganyo unarudi kuwa ule ule. Kwa kuwa uwezekano wa tokeo lolote hupatikana kwa kukokotoa mraba wa ukubwa wa namba hizo, kugeuza alama ya i hakugusi uwezekano wowote tunaopima. Hivyo ulinganifu upo, ila si kwa njia ya kijuujuu ambayo wengi huidhania.

Kuna chembe chache zinazoukataa. Mwaka 1964 James Cronin na Val Fitch, wakifanya kazi kwenye maabara ya Brookhaven nchini Marekani, waliona kwamba kaoni zisizo na chaji (chembe ndogo zisizo imara), zile za aina inayoishi muda mrefu zaidi, mara chache huvunjika na kutoa pioni mbili, chembe nyepesi zaidi, takribani mara 2 katika 1,000. Hilo halingewezekana kama maumbile yangebaki vile vile unapobadilisha chembe kwa kinyume chake na kuzitazama kama kwenye kioo. Nadharia yenye mizizi mirefu inasema kwamba ukigeuza chaji (yaani chembe kwa kinyume chake), kioo na wakati vyote vitatu pamoja, sheria hazibadiliki. Kwa hiyo ulinganifu wa viwili vya kwanza ukivunjika, ule wa wakati nao lazima uvunjike ili kufidia. Mwaka 2012 kundi la watafiti la BaBar, likitumia mesoni za B (chembe nyingine zisizo imara) kutoka maabara ya SLAC, California, lilionyesha uvunjikaji huo wa upande wa wakati moja kwa moja. Nakutajia haya kwa uaminifu, kisha nayaweka kando. Tofauti hiyo ndogo ya kaoni na mesoni siyo inayotuzeesha, na haihusiki na kifutio.

Kinachotuzeesha ni kile ambacho Kiswahili kimekisema zamani: maji yakimwagika hayazoleki. Ludwig Boltzmann alilieleza jambo hilo kwa hesabu katika miaka ya 1870. Kuna njia chache mno za molekuli kukaa ndani ya kikombe, na njia nyingi zisizosemeka za kutapakaa sakafuni. Rafiki yake Josef Loschmidt alimbana mwaka 1876 kwa hoja kali: kama kila molekuli inafuata sheria zenye ulinganifu, basi geuza kasi za molekuli zote kwa mpigo na maji yatarudi kikombeni, sheria yako ya upande mmoja umeitoa wapi? Hoja ile haijawahi kuvunjwa, kwa sababu ni sahihi. Jibu lake ni kwamba upande mmoja wa wakati hautoki kwenye sheria; unatoka kwenye mwanzo. Ulimwengu ulianza katika hali yenye mpangilio usio wa kawaida, na tangu hapo umekuwa ukitapakaa. Erwin Hahn alitupa mwaka 1950 mfano ninaoupenda sana. Alipata viini vya atomu vinavyozunguka pamoja, akaviacha vipoteane mpaka ishara yake ikafifia kabisa, kisha kwa mpigo wa mawimbi ya redio akavipindua. Ishara ikarudi, kama mwangwi. Mpangilio haukuwa umepotea. Ulikuwa umetawanyika mahali ambapo jicho haliufikii.

Shika hilo, maana ndilo litakalotusaidia tunapofika kwenye upimaji, na upimaji ndio moyo wa swali lako.

Vitabu vingi vinafundisha kwamba hali ya kwanta husafiri kwa utulivu kwa kufuata mlinganyo, halafu ukiipima inadondokea ghafla kwenye jibu moja. Udondokaji huo unaonekana kuwa wa upande mmoja kabisa: kabla ya kipimo kuna mengi yanayowezekana, baada yake kuna moja. Yakir Aharonov, Peter Bergmann na Joel Lebowitz walilichunguza jambo hili mwaka 1964, nami naona makala yao haijazungumzwa vya kutosha nje ya vyumba vya wataalamu. Waliuliza: vipi kama hatutatumia habari za mwanzo peke yake, tukatumia za mwanzo na za mwisho kwa usawa?

Tufanye hesabu yao kwa mfano mwepesi. Elektroni ina spini, ambayo unaweza kuifikiria kama mshale mdogo. Ukiipima kwa mhimili wa wima, itajibu juu au chini. Ukiipima kwa mhimili wa ulalo, itajibu kulia au kushoto. Elektroni iliyojibu "juu" haina jibu la uhakika la ulalo: ukiuliza, ni nusu kwa nusu. Sasa, saa 4 tunaipima elektroni yetu kwa wima, inajibu juu. Saa 6 tunaipima kwa ulalo, inajibu kulia. Katikati, saa 5, mwenzetu aliipima lakini hajatuambia alichopata. Je, alipata nini?

Kama saa 5 alipima kwa wima, alipata juu, hakika kabisa, kwa kuwa tulikwisha kuiandaa hivyo saa 4 na hakuna aliyeigusa. Kama alipima kwa ulalo, alipata kulia, nako hakika kabisa, kwa kuwa saa 6 ilijibu kulia na hakuna aliyeigusa kati ya 5 na 6. Yaani kuhusu saa 5 tuna uhakika kamili wa majibu mawili ambayo fizikia ya kwanta inakataza kuyajua kwa pamoja ukitazama kutoka mwanzo tu. Moja limekuja kutoka nyuma, jingine kutoka mbele, na fomula yao inayapa uzito sawa. Geuza saa, badilisha juu na kulia mahali pake, na fomula inabaki vile vile. Hakuna mshale wa wakati ndani yake.

Mara ya kwanza nilipoifanya hesabu hii kwa mkono niliacha kalamu nikakaa kimya kwa muda, na bado naamini inastahili ukimya huo. Lakini rudi kwenye sababu zetu mbili. Kipimo cha saa 6 ni sababu ya nini? Chukua elektroni 1,000 zilizoandaliwa juu saa 4, na tuseme mwenzetu alipima ulalo saa 5. Takribani 500 zilimjibu kulia na 500 kushoto. Saa 6 zile 500 za kulia zinajibu kulia tena, na zile za kushoto zinajibu kushoto. Ninapokuambia "iliyojibu kulia saa 6 ilijibu kulia saa 5," nimeokota fungu moja nikaliacha la pili. Saa 6 imenijulisha, haijatenda kitu.

Sasa utauliza, na una haki, kwa nini basi tusiseme hivyo hivyo kuhusu saa 4. Kwa nini maandalizi ya mwanzo yaitwe sababu ya kutokea, na kipimo cha mwisho kiitwe sababu ya kujua tu, ikiwa fomula inavipa uzito sawa? Nadhani hapa ndipo penye utajiri wote wa jambo hili. Tofauti imo katika kile tunachoweza kukiamuru. Saa 4 nikitaka elektroni zote 1,000 ziwe juu, naweza: napima, na kila iliyojibu chini naipindua kwa uga wa sumaku. Hakuna inayobaki. Saa 6 nikitaka zote 1,000 zijibu kulia, siwezi. Naweza kusubiri na kuziokota zilizojibu kulia, na zile nyingine zimekwisha kutokea na zimeandikwa. Nikizipindua baada ya jibu, nimetengeneza mwanzo mpya wa habari za baadaye, sijagusa za saa 5. Mwanzo naupanga, mwisho nauokota.

Na uwezo huo wa kupanga mwanzo bila kuweza kupanga mwisho hautoki kwenye kwanta. Aharonov na wenzake walisema hivyo wazi, kwamba upande mmoja wa wakati unaingia kwa kuazimwa kutoka kwenye ulimwengu wetu mkubwa. Mimi ninayepanga nina kumbukumbu ya jana na sina kumbukumbu ya kesho. Kigunduzi changu, yaani kifaa cha kunasa chembe, kikiguswa na chembe moja, huanzisha maporomoko ya elektroni nyingi sana ndani yake, joto linasambaa, alama inabaki. Hayo ni maji yaliyomwagika. Kama ningeweza kuyazoa yote, kila elektroni na kila punje ya joto, kipimo kingefutika kama mwangwi wa Hahn unavyorudisha ishara. Kwenye mifumo midogo maabara huweza. Kwenye kigunduzi kizima chenye alama yake, hakuna awezaye. Kwa hiyo sababu na tokeo, kwa maana tunayoitumia maishani, vinaegemea mwanzo ule wenye mpangilio ambao Boltzmann aliuhitaji, wala si mlinganyo wa Schrödinger.

Tuje kwenye kifutio. Wazo lake lilitolewa na Marlan Scully na Kai Drühl mwaka 1982, na jaribio linalosimuliwa zaidi lilichapishwa mwaka 2000 na Yoon-Ho Kim na wenzake, Scully akiwa mmoja wao. Leza inapita kwenye mianya miwili na kugonga fuwele inayogawa fotoni moja kuwa pacha wawili. Pacha wa kwanza anakwenda kwenye kigunduzi kikuu, ambacho husogezwa kidogo kidogo ili kuhesabu fotoni zinatua wapi. Pacha wa pili anapitia njia ndefu zaidi, hivyo anafika vigunduzi vyake takribani nanosekunde 8 baada ya mwenzake kutua. Njiani anakutana na vioo vinavyopitisha nusu ya mwanga na kuakisi nusu. Akiishia kwenye vigunduzi tutakavyoviita R na S, tunajua alitoka mwanya upi. Akiishia P au Q, habari ya mwanya imefutika, kwa kuwa njia zote mbili zimechanganywa kabla ya kufika hapo.

Simulizi la kawaida linakwenda hivi: pacha wa pili akienda P, pacha wa kwanza "alifanya" mistari ya mwanga na giza kama wimbi lililopita mianya yote miwili, akienda R, pacha wa kwanza "alifanya" rundo lisilo na mistari kama chembe iliyopita mwanya mmoja, na kwa kuwa pacha wa pili aliamuliwa baadaye, wakati uliopita umebadilishwa. Angalia sasa daftari lenyewe. Namba nitakazotumia ni za mfano, lakini umbo lake ndilo umbo la jaribio.

Chukua sehemu mbili jirani kwenye kigunduzi kikuu, A na B. Kwenye A zimetua fotoni 100. Kwenye B zimetua 100. Hakuna mstari wa mwanga wala wa giza, pako sawa. Fuatilia pacha wa zile 100 za A: 25 wamefika R, 25 wamefika S, 47 wamefika P, na 3 wamefika Q. Pacha wa zile 100 za B: 25 wamefika R, 25 S, ila 3 tu P na 47 Q. Chambua daftari ukibakiza za P peke yake, unapata 47 kwa A na 3 kwa B, mwanga na giza, mistari imejitokeza. Bakiza za Q peke yake, unapata 3 na 47, mistari ile ile ikiwa imepishana. Bakiza za R, 25 na 25, hakuna mistari. Jumlisha P na Q, mistari ya mmoja inajaza giza la mwingine na unarudi pale pale.

Je, umeona wapi fotoni iliyotua A ikihamia B kwa sababu ya kilichotokea nanosekunde 8 baadaye? Hakuna. Zile 100 zilitua A, zikaandikwa, zikabaki. Kilichobadilika ni fungu unaloliokota. Mistari haikuwahi kuwapo kwenye kigunduzi kikuu ikasubiri kuondolewa. Ipo kwenye uhusiano kati ya madaftari mawili. Hata ukiondoa vioo vya kufutia usiku huo huo, ili pacha wote wa pili waishie R na S, sehemu A itakuwa na 100 na B itakuwa na 100. Ningependa kila anayelisimulia jaribio hili alazimike kuonyesha jumla hiyo kabla ya kuonyesha mistari.

Tena hadithi inasimulika vizuri kabisa kwa kwenda mbele. Fotoni ya kwanza imetua A. Kwa kuwa pacha hawa wamefungamana, yaani hali zao zimeunganishwa hata wakiwa mbali, kutua huko kunampa wa pili mwelekeo wa kwenda P mara 47 kwa 3 iwapo atafika kwenye vigunduzi vya kufutia. Hesabu ni ile ile, jambo la mwanzo linatangulia. Uchaguzi kati ya simulizi hizi mbili haufanywi na jaribio. Na kukiwa na umbali wa kutosha kiasi kwamba hata mwanga hauwezi kutoka tukio moja hadi jingine, nadharia ya Einstein inasema waangalizi wanaokwenda kwa kasi tofauti hawatakubaliana lipi lilitangulia. Uhusiano wa madaftari haujali. Hilo linanifanya nisite kuweka mshale wa sababu upande wowote kati ya pacha hao.

Utakutana pia na jina la mwanafizikia John Wheeler, aliyependekeza mwaka 1978 kwamba mtafiti aamue kuweka au kutoweka kioo cha mwisho, kile kinachochanganya njia mbili, baada ya fotoni kuingia kwenye mitambo. Kundi moja la Ufaransa lilifanya hivyo na fotoni mojamoja kwenye njia ya mita 48, likachapisha mwaka 2007, na kwanta ilishinda kama ilivyotabiriwa. Wheeler hakulichukulia kama jana kubadilishwa. Alisema kosa letu ni kuipa fotoni historia ya njia moja au mbili kabla haijaandikwa popote, nami nakubaliana naye katika hilo.

Sasa sitaki uondoke ukidhani kwamba kila anayetaja sababu inayorudi nyuma amekosea hesabu ya kuchambua. Kuna watu makini wanaolisema kwa hoja nyingine, na hoja yao inaanzia kwa mwanafizikia John Bell. Mwaka 1964 Bell alithibitisha kwamba chembe zilizofungamana zina uhusiano ambao hauwezi kuelezwa kwa maagizo yaliyobebwa tangu mwanzo, ikiwa hakuna athari inayozidi kasi ya mwanga. Majaribio ya Alain Aspect ya mwaka 1982 yaliunga mkono kwanta; lile la Delft, Uholanzi, la mwaka 2015, likitumia elektroni zilizotenganishwa kwa kilomita 1.3, liliziba mianya mikubwa ya lawama; na Aspect, John Clauser na Anton Zeilinger walipewa tuzo ya Nobel mwaka 2022. Lakini ndani ya uthibitisho wa Bell mna dhana moja ambayo wengi hupita bila kuiona: kwamba maagizo yaliyobebwa hayategemei vipimo vitakavyochaguliwa baadaye. Ukiiondoa hiyo, inawezekana kueleza uhusiano bila athari ya kuzidi mwanga. Kipimo cha upande mmoja kingegusa chembe nyuma mpaka mahali pacha walipozaliwa, kisha mbele hadi upande wa pili. Mfaransa Olivier Costa de Beauregard alilipendekeza jambo hilo katika miaka ya 1950, na mwanafalsafa Huw Price amelitetea kwa miaka mingi. Mwaka 2017 Matthew Leifer na Matthew Pusey walionyesha kwamba ukishikilia aina fulani ya ulinganifu wa wakati, pamoja na imani kwamba hali ya chembe ni kitu halisi, unalazimika kukubali sababu inayorudi nyuma.

Naliheshimu pendekezo hilo, na nadhani ndilo toleo bora zaidi la swali lako. Sijashawishika nalo. Ulinganifu wanaoudai una nguvu kuliko ule wa Wigner, na sioni kinachotulazimisha kuukubali. Nami naona rahisi zaidi kuamini kwamba neno "sababu" halina kazi kabisa chini kule, mpaka kuwe na kumbukumbu na maji ya kumwagika. Lakini huo ni uamuzi wangu, na wenzangu ninaowaamini wameamua vingine. Tunachokubaliana sote ni kwamba maelezo yote hayo yanatabiri namba zile zile, hadi tarakimu ya mwisho.

Kuna na tawi jipya zaidi, ambalo nalitaja kwa haraka. Mwaka 2012 Ognyan Oreshkov, Fabio Costa na Časlav Brukner walionyesha jinsi ya kuandika hesabu za kwanta ambazo ndani yake haijapangwa kama tendo la kwanza linatangulia la pili au la pili linatangulia la kwanza. Vienna, mwaka 2015, jambo la jamii hiyo lilifanyika kwa fotoni, mpangilio wa matendo mawili ukiwa umefungwa kwenye hali ya fotoni yenyewe. Ni kazi nzuri sana. Nayo haitumi ujumbe nyuma.

Hapo tumefika kwenye sehemu ya mwisho ya swali lako, nini kinatuzuia. Kinachotuzuia ni ile jumla. Hesabu ya kwanta inathibitisha kwamba lolote utakalomfanyia pacha wa pili, umpime, usimpime, umfute, haliwezi kubadilisha idadi ya jumla itakayotua A au B. Mtu aliyeketi kwenye kigunduzi kikuu jana hana kitu cha kusoma. Ili aione mistari anahitaji daftari la P na Q, na daftari hilo linaandikwa baadaye na linamfikia kwa njia za kawaida, zisizozidi mita 299,792,458 kwa sekunde. Mpaka lifike, alichonacho ni 100 na 100.

Kwa hiyo ukisikia tena kwamba mtu fulani ameibadilisha jana, muulize swali moja: bila kuchambua kwa kutumia daftari la pili, hesabu ghafi ya kigunduzi kikuu ilibadilika? Siku mtu akionyesha 100 na 100 zikigeuka 120 na 80 kwa sababu ya kioo kilichowekwa baadaye, nitayafuta yote niliyokuandikia hapa, na mlinganyo wa Schrödinger utafutika pamoja nayo.